Usiku tuliolazimisha rauta ibadili prosesa

Mwaka 2015 nilikuwa kwenye kampuni moja ya intaneti hapa Mwanza, na rauta yetu kubwa, ile mashine inayoelekeza data ipite njia ipi kwenye mtandao, ilikuwa na prosesa mbili, yaani vichwa vya kuiendesha, moja inapiga kazi nyingine ipo stendibai inasubiri mwenzie afe ndo ishike usukani. Ilinunuliwa hivyo kwa hela nyingi na kila ripoti iliyoenda juu iliandikwa tuna ridandansi, yaani kimoja kikifa kuna cha akiba, lakini tangu ifungwe hakuna aliyewahi kuijaribu. Mi hilo lilikuwa linanikosesha raha kabisa, maana taa ya kijani kwenye kadi ya prosesa inakwambia kadi imewaka, basi, haikwambii kama itaweza kubeba mzigo.

Bosi hakutaka. Alisema kitu kinachofanya kazi usikiguse, na nilimwelewa, nyuma ya ile rauta kulikuwa na benki, kuna hospitali, kuna linki ya maikrowevu inayovuka maji kwenda Ukerewe. Aliyemlainisha ni jamaa tuliyekuwa naye zamu, kwao hukohuko Ukerewe, akamwambia, mkubwa, kwetu mtu akibeba mashine ya pili kwenye boti anaiwasha akiwa bado ufukweni, hasubiri ile ya kwanza imzimikie katikati ya ziwa upepo umeshachafuka. Bosi akanyamaza kidogo, akasema haya, tafuteni usiku.

Wateja wakapewa taarifa, tukapangiwa kuanzia saa saba usiku. Tukasevu konfigi, tukaweka kopi pembeni, tukachomeka waya wa konsoli kwenye kila prosesa, maana ukitegemea kuingia kwa mtandao na mtandao wenyewe ndo unaouzima, utabaki huna pa kuingilia. Laptop nyingine ikawa inapiga pingi kwenda Dar mfululizo, yaani vipaketi vidogo vya kujaribu kama njia ipo hai.

Nikauliza rauta hali ya prosesa zake. Ya kwanza ACTIVE, sawa. Ya pili nilitegemea kuona STANDBY HOT, yaani inanakili kila kitu kutoka kwa mwenzie muda wote, ila iliandika STANDBY COLD. Kuchimba tukakuta softwea zinatofautiana, kuna wakati ile kuu iliapgrediwa na ya akiba ikaachwa na toleo la zamani, na matoleo yakipishana rauta haikubali kuzisinki kikamilifu, inaiacha ya pili imepoa, siku ikiitwa inabidi isome konfigi upya na kuamsha kadi zote za poti, zile zinazochomekwa waya za mtandao, kutoka sifuri. Miaka yote hiyo taa ilikuwa kijani.

Jamaa akashauri turekebishe kwanza. Nikamwambia hapana, taarifa tumeshatoa, tujaribu hivihivi tujue tulikuwa tunaishi na nini. Nikapiga amri ya kuhamisha. Pingi ikakata, taa za kadi za poti zikazima moja baada ya nyingine, feni zikapanda kwa sauti ya juu kabisa mpaka ikabidi tuongee kwa kupiga kelele, halafu zikaja taa za njano, tukasubiri, dakika zinakatika, ndo kijani ikaanza kurudi na pingi ikashika. Aisee ule muda ulikuwa mrefu, na ni usiku tumejiandaa, fikiria mchana wa mwisho wa mwezi.

Tukapandisha softwea ya ile ya akiba, tukangoja mpaka ikaandika HOT, tukahamisha tena. Safari hii poti hazikutikisika hata kidogo ila pingi bado zikapotea nyingi kuliko inavyotakiwa. Hapo tatizo halikuwa kwetu, jirani yetu wa BGP kule Dar, yaani rauta ya mtandao mwingine tunayoambiana nayo njia kwa itifaki hiyo, aliona sesheni imekatika akatupa njia zetu zote palepale. Kuna kitu kinaitwa graceful restart, kimeandikwa rasmi kwenye RFC 4724, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, tangu 2007, kinamwambia jirani mwenzako anabadili kichwa tu, endelea kumtumia trafiki kwa njia zilezile mpaka arudi, lakini lazima pande zote mbili zikubaliane. Ikabidi tumwamshe injinia wa upande ule, nashukuru alipokea simu, akawasha, tukaanzisha sesheni upya. Tukarudia. Ikapotea pingi moja.

Mi sikuridhika, maana amri ni kuaga kistaarabu na prosesa ikifa haiagi mtu. Jamaa akalegeza skrubu, akaishika ile kadi ACTIVE kwenye masikio yake akaichomoa mzima mzima rauta ikiwa inatembea. Nilikuwa nimekodolea macho skrini ya pingi. Zikapotea mbili, ikaendelea.

Kwenye ripoti niliandika majaribio yote, hata lile la kwanza, na nikaliweka juu kabisa. Saa moja asubuhi bosi akapiga simu, hakuuliza habari za pingi mbili wala nini, aliuliza ile rauta ya Bukoba nayo inasemaje. Nikamwambia hatujui, akasema basi pangeni safari.