Jumamosi Usiku Matonge

Sisi tuliokulia Dar es Salaam kwenye muziki wa dansi tulilisikia jina la Matonge, mtaa wa muziki wa Kinshasa, kabla hatujajua uko wapi kwenye ramani. Bendi ya Maquis ilitoka Kongo ikahamia kwetu, mwanamuziki Remmy Ongala akaja mwaka 1978, na magitaa yao yakawa ya kwetu. Kwa hiyo nilipopata safari ya kikazi Kinshasa, nilimwomba mwenyeji wangu, kijana wa Bukavu tuliyeelewana kwa Kiswahili, anipeleke huko Jumamosi usiku.

Teksi ilitushusha kwenye mzunguko wa Victoire, penye mnara wa kuwaenzi wasanii. Kelele zilitupokea kabla hatujafunga mlango. Kila baa ina spika zake na kila spika inashindana na ya jirani. Viti vya plastiki vimeingia mpaka barabarani, na pikipiki za abiria, wenyewe wanaziita wewa, zinapenya katikati ya meza. Mama mmoja alikuwa akikatakata ntaba, mbuzi wa kuchoma, juu ya gogo. Akatufungia nyama kwenye karatasi pamoja na vitunguu na pilipili, kisha akamenya majani ya kwanga, mkate wa muhogo, akatukatia vipande. Tulikula tumesimama.

Tukazunguka mitaani. Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda, Inzia: kutokana na majina ya mitaa hii mwimbaji Papa Wemba aliunda jina Molokai, "kijiji" chake hapa hapa Matonge. Zaiko Langa Langa, kundi alilokuwa mmoja wa waanzilishi wake, lilizaliwa Desemba 1969, vijana wa mtaani wakiwa na magitaa bila tarumbeta za bendi kubwa. Uwanja ambao Muhammad Ali alimpiga George Foreman mwaka 1974 nao hauko mbali, ila usiku ule sikuwa na haja ya ngumi. Nilitaka bendi.

Tuliipata ndani ya ua wenye sakafu ya saruji na taa za rangi. Wimbo wa kwanza ulianza taratibu, waimbaji wanne wakipokezana beti za mapenzi, na watu wamekaa kimya na chupa zao za bia ya Primus. Nikataka kuinuka. Mwenyeji wangu akanishika mkono: "Yaya," yaani mkubwa wangu, "vumilia kwanza."

Nilivumilia, na nashukuru. Kwetu siku hizi wengi wanataka sebene tu, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Didijei anaruka beti zote anaingia moja kwa moja kwenye magitaa. Pale nilielewa hasara yake. Beti zile ndizo zinazojenga hamu. Gitaa la rithimu linashika chini, la solo linalia juu, na katikati yao lipo la tatu, mi-solo, linalorudia kifungu kifupi mpaka kinakuingia mwilini. Kisha mpiga ngoma akabadilisha mwendo, na ua mzima ukasimama kwa pamoja, wazee na vijana.

Hapo ndipo atalaku alipochukua kipaza sauti. Zaiko ndio walioingiza kazi hii kwenye bendi mwanzoni mwa miaka ya 1980: mtu wa kupaza sauti, kutaja mitindo ya kucheza na kuwasifu waliopo. Huyu alishika mkononi kopo tupu la dawa ya mbu, limetiwa punje ndani, akilitikisa mbele ya kipaza sauti, na mlio wake mkavu ulipita juu ya magitaa yote. Nilisogea karibu kulitazama. Rangi ilikuwa imechubuka pale vidole vyake vinapokaa.

Mzee mmoja mwenye suti ya krimu na viatu vilivyong'aa alikwenda mbele akicheza polepole, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Jina lake likatajwa mara tatu, naye akarudi kitini kwa mwendo ule ule. Nami nikaenda kutunza. Atalaku aliponiuliza jina na nilikotoka, akaita "Dar es Salaam!", na meza ya pembeni ikanijibu kwa Kiswahili: walikuwa watu wa Lubumbashi. Tukaunganisha viti.

Ukienda, fika mapema ule na uzunguke, kwa sababu bendi huchelewa kupanda jukwaani. Nenda na mwenyeji, beba noti ndogo za faranga, simu iache mfukoni. Na wimbo ukianza taratibu, kaa.