Kwa yule ambaye hakuwepo

Jumamosi iliyopita binti wa kaka yangu alikuja kwangu Makorora, hapa Tanga, na simu mpya mkononi. Shikamoo ya haraka haraka, hata marahaba sijaimaliza, keshatoa shida yake: “Shangazi, nimepewa kazi ya kupiga video kwenye singo. Keshokutwa. Nifanyeje?” Singo ni ile shughuli ya wanawake ya kumsinga bibi harusi, kumsugua mwili kwa liwa ya kunukia.

Ana miaka 21. Video ameshapiga nyingi, nyingi zikiwa za yeye mwenyewe akicheza mbele ya kioo. Ila hajawahi kupiga video ambayo mtu mwingine atakaa chini, azime redio, aitazame mpaka mwisho. Nikamwambia weka simu, kula kwanza.

Mimi kazi hii niliingizwa na ukuta. Mjomba wangu alikuwa na studio ndogo Ngamiani, anapiga picha za pasipoti na mikanda ya harusi. Akdi anapiga, karamu ya wanaume anapiga, lakini ikifika singo anaishia barazani kwa sababu ndani ni wanawake peke yao na vichwa viko wazi. Nusu ya harusi ilikuwa inampita, na nusu ya pesa pia. Mwaka 2003 akachoka. Akanipa kamera ndogo ya kaseti za miniDV na kaseti mbili, akasema, “Wewe utaingia. Kumbuka kila kaseti ni dakika 60. Usinirekodie mapazia.”

Shughuli yenyewe ilichukua saa tano, na mimi nina saa mbili. Hapo ndipo nilipoanza kujua kuchagua, na kila nikitaka kuchagua najiuliza swali moja tu: nani hakuwepo? Harusi za kwetu hakuna anayeiona nzima. Bibi harusi mwenyewe haioni akdi yake. Wanaume wako msikitini na walii wake, yeye yuko chumbani anasikilizia vigelegele vya habari. Mama yake yuko jikoni anagombana na sufuria. Mama mdogo yuko Muscat, nauli haikupatikana. Mkanda ni wao. Waliokuwepo watautazama mara moja, wajitafute, wacheke, basi.

Kwa hiyo nilimwambia huyu binti, mtu ambaye hakuwepo anataka kwanza ajue yuko wapi. Mwoneshe ukumbi mzima. Halafu mwoneshe nani na nani: bibi harusi na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, wamekaa mkekani. Halafu msogeze karibu aone mikono inasugua liwa kwenye bega. Ukianza na mikono, atakaa anajiuliza hii ni mikono ya nani. Na kusogea ni kwa miguu, usitumie zumu. Zumu ya simu inakuza picha mpaka inachakaa, na kila mkono ukitetemeka kidogo ukumbi mzima unatikisika.

Kisha usivuke mkeka. Hilo ni la mjomba, neno kwa neno. Ukikaa upande mmoja, bibi harusi anatazama kulia, somo anatazama kushoto, inaonekana wanazungumza. Ukiruka ukapiga kutoka upande wa pili, wote wawili wanageuka, na mtazamaji anadhani bibi harusi kamsusa somo wake.

Kosa la wanaoanza wote ni kupepesa kamera huku na huku kama mtu anayefukuza nzi. Dawa yake ni kuhesabu. Bonyeza, tulia, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, ndipo uhame. Sekunde kumi ukiwa umesimama na kamera ni ndefu mno, mkono unawasha. Ukija kuhariri utazibusu hizo sekunde.

Taa nilimweleza kwa kifupi. Usimweke mtu mbele ya dirisha, atakuwa kivuli chenye hina. Na kwenye kumbi zenye tyubulaiti, ukiona mistari inapanda kwenye picha, tatizo haliko kwenye simu. Umeme wetu ni wa hertz 50, taa zile zinafifia na kuwaka mara 100 kila sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari inatulia. Programu ya kamera iliyokuja na simu yake haina sehemu hiyo, ikabidi tutafute nyingine.

Sauti ndiyo nilimkalia nayo mpaka Maghrib. Mwaka wangu wa pili, mjomba alipiga akdi moja nzuri ajabu. Mwanga wa dirisha la msikiti, kofia nyeupe, mikono miwili imeshikana, shekhe anasema, bwana harusi anajibu. Tukaenda kuiangalia kwa bibi harusi siku ya fungate. Kimya. Mjomba alichomeka maikrofoni ya nje akasahau kuiwasha, na zile kamera ukishachomeka ya nje, ya ndani inakatika. Dakika 40 za midomo inayocheza. Bibi harusi alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, “Nilitaka kumsikia anavyosema nimekubali.” Hakusema zaidi. Mjomba alirudisha pesa yote, na tangu siku ile sijawahi kubonyeza kitufe bila hedifoni masikioni. Picha ikiwa na giza kidogo watu wanavumilia. Nimeona mikanda ya VHS iliyochuja rangi mpaka sura zimekuwa za zambarau, na watu bado wanalia wakimsikia bibi yao akiimba.

Sasa kuhariri, na hapa inabidi nijitaje mwenyewe. Wanaosoma mambo ya filamu wanamjua Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, ambaye kiasi cha miaka mia iliyopita alichukua uso wa mwigizaji, uso ule ule mmoja, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakasema jamaa ana njaa, ana majonzi, ana mapenzi. Mimi somo hilo nilifundishwa na mawifi wa Chumbageni. Kwenye singo ile kulipigwa taarabu, na mtu wa Tanga haambiwi taarabu ni nini: ubeti ukimgusa hasidi, anayeinuka kwenda kutuza anajua anamtuza nani na anamsema nani. Nikiwa nahariri, kwenye ubeti wa kijicho nikakosa picha, nikachomeka uso wa wifi mmoja amekunja ndita. Uso huo niliupiga dakika 40 kabla, pilau ilikuwa ya moto.

Mkanda ulipotazamwa, ukumbi mzima ukaona nimempiga kijembe. Nilikwenda kuomba radhi mara mbili, ya pili na kanga. Mpaka leo akinipita njiani ananisalimia kwa jina la mtoto wangu, bila kunitazama.

Binti alicheka sana hapo. Nikamwambia cheka, lakini wewe una hatari ambayo sisi hatukuwa nayo. Kaseti yetu ilikuwa moja, ikitoka kwa mjomba inaingia kwenye kabati la mama wa bibi harusi na ufunguo uko shingoni. Klipu ya simu inafika Dubai kabla pilau haijaiva. Siku hizi shughuli nyingi simu zinakusanywa mlangoni kwenye beseni, inabaki ya mpiga video peke yake. Maana yake mama wa watu kakuamini wewe na vichwa wazi vya ukumbi mzima. Hutumi hata sekunde moja kwa rafiki yako, hata ile uliyoipenda. Zote unampa mwenye shughuli, unafuta mbele yake.

“Hata ya kuonesha kazi yangu?”

Hata hiyo. Alinuna kidogo.

Jana asubuhi kaja na simu, na ruhusa ya mama wa bibi harusi mimi niangalie. Klipu 61. Saba amevuka mkeka. Mbili ni za mapazia, nikamkumbuka mjomba, Mungu amrehemu. Ya 14 kidole kiko kwenye lenzi karibu yote, pembeni tu unaona ncha ya kanga ya somo. Nikachomeka hedifoni. Somo anamwambia bibi harusi maneno kwa sauti ya chini, ananong'ona kabisa, na nimesikia kila neno.