Doa la Hina

Jana baada ya magharibi binti yangu alikuwa akichakura kabati akitafuta karatasi ya kuchorea, akaibuka na daftari langu la utafiti, lile la jalada gumu la buluu lililoniangukia majini mara mbili kule Mtangawanda, kisiwani Pate. Alilifungua pale linapopenda kufunguka lenyewe, akaweka kidole ukurasani.

"Mama, hii damu?"

Nikamwambia si damu, ni hina. Akainamisha pua, akasema haina harufu. Kwake haina. Mimi nilikuwa nimeshasikia ndimu na udi, na moshi wa kuni za mkoko unaopanda kutoka uani.

Ilikuwa Mfungo Mosi, mwaka 2018. Harusi yangu ilikuwa Ijumaa. Marekebisho ya tasnifu yangu ya uzamili yalitakiwa Jumatano kabla ya saa sita usiku, la sivyo jina langu lisingesomwa kwenye mahafali ya mwaka ule, na ada ya muhula mwingine sikuwa nayo. Wiki tatu nilizopewa na watahini nilizimalizia kwenye boti za Mokowe, gati letu la upande wa bara. Lamu kila kitu huvuka maji: mchele, masufuria ya kukodi, viti, ng'ombe wawili, na bibi harusi mwenyewe akihesabu magunia huku anasoma makala kwenye simu. Usiku niliandika, mchana niliitwa kuchagua leso. Mama hakunigombeza hata siku moja. Alisimama mlangoni tu, nami nikamwambia, "Naja mama, nimalize ukurasa huu," kisha ukurasa ukazaa mwingine.

Nilikuwa nikiandika juu ya mikoko. Mnajua kwetu mikoko ni nini: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Februari ya mwaka ule serikali ilisimamisha ukataji miti misituni nchi nzima, kwanza kwa siku 90, halafu ikaongeza muda, na wengi wa wakataji niliowahoji mwaka uliotangulia walikuwa sasa wamekaa vibarazani, mashoka yamening'inia. Kila nikipita na mizigo yangu ya harusi waliniuliza, "Kitabu chetu kimefika wapi?" Walisema chetu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko mahafali.

Jumatano saa nane mchana msimamizi wangu akaniandikia barua pepe. Sura zote zimepita ila jedwali moja, la aina za mikoko na matumizi yake. Mtahini alikuwa ameandika pembeni kwamba majina ya wenyeji hayalingani na ya kisayansi, na matumizi niliyoyataja ni machache mno kwa mtu aliyezaliwa Lamu. Maneno hayo ya mwisho yaliniuma. Nikasema nitalifanya baada ya hina. Nilidhani hina ni saa mbili.

Somo wangu, kungwi wa harusi, alifika baada ya alasiri na bakuli lake la hina, akaanza miguuni. Alikuwa mtu wa subira kubwa. Ua moja alilichora kana kwamba ndilo pekee atakaloliacha duniani. Adhana ya isha ikanikuta nimekaa mkekani, miguu imenyooshwa, mikono yote miwili imejaa hadi viwiko na imelazwa juu ya mito kama watoto wachanga, na amri nimeshapewa: usiguse kitu mpaka alfajiri. Juu yangu zilikuwa boriti za dari la nyumba yetu ya Mkomani. Chumba ni kirefu na chembamba kama vyumba vyote vya nyumba za kale za Lamu, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Nilizitazama nikawaza kwamba mtu anaweza kulala chini ya jambo miaka ishirini na sita, kisha akashindwa kulijazia jedwali.

Mdogo wangu, kidato cha tatu, akapakata laptopu. Shangazi alikuwa akinilisha halua kwa kijiko. Majirani watatu walikuwa wakisuka vikuba vya kesho, vile vishada vya maua ya kunukia, na nyanya amelala kwenye kitanda cha kamba ukutani, macho yamefumbwa, tasbihi mkononi. Nikaanza kusoma kwa sauti.

"Safu ya kwanza, andika mkoko."

"Mkoko upi?" akauliza shangazi kabla mtoto hajabonyeza herufi.

"Mkoko wenyewe, shangazi. Wa boriti."

"Na fito? Na pau? Na nguzo? Zote utaziita boriti?"

Basi tukaandika kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. *Rhizophora mucronata* nilimtajia mdogo wangu herufi moja moja. Tulipofika mkandaa, somo akainua kichwa, akasema magome ya mkandaa hutoa rangi nyekundu, na rangi ni kazi yake, kwa hiyo hapo aandike vizuri. Mlilana, wakasema majirani kwa pamoja, ni mataruma, mbavu za jahazi, na mizizi yake ile inayochomoza juu ya tope huchongwa vyelezo vya nyavu. Msikundazi ni mlingoti. Juu ya mkomafi walibishana, mmoja akishika kwamba ni dawa ya tumbo, mwingine kwamba ni mbao za samani, mpaka shangazi akaamua yote mawili yaandikwe, na lile tunda lake kubwa linalopasuka vipande ambavyo ukivitenganisha huvirudishi liandikwe pia, hata kama wanachuo hawalitaki. Vikuba vilikuwa vimewekwa chini. Harusi ilikuwa imesahauliwa kidogo, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipata siku yoyote ya wiki ile.

Nikasema, "Sasa andika mchu."

"Mtu," akasema nyanya kutoka kitandani.

Mdogo wangu akageuka. Alikuwa amesoma bweni tangu darasa la sita. "Mtu gani, nyanya?"

"Mtu, mti." Hakufumbua macho. Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, wazee mchu huuita mtu, kama mchele ulivyo mtele na macho yalivyo mato. "Andikani: mtu huota kotekote. Utauona mbee kabisa, baharini, wapigwa ni mawimbi. Kati hapo hukaa mikoko na mikandaa. Kisha utauona tena nyuma, upande wa bara, pale penye chumvi kavu. Ni ule ule."

Chumba kilinyamaza. Jambo hilo nililiandikia kurasa nne, pamoja na michoro. Mchu, *Avicennia marina*, pwani yetu hukaa katika kanda mbili, ukingo wa bahari na ukingo wa nchi kavu, na nilipima chumvi ya udongo wiki nzima huko nyuma ya mikoko ya Pate nikitafuta njia ya kulieleza. Nyanya alikuwa mjane wa nahodha. Babu alipeleka boriti Arabuni mpaka serikali ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982, na nyanya alizijua tangu zikiwa msituni. Miaka miwili ya utafiti nilikwenda hadi Kizingitini kuhoji watu, nikirudi jioni nampita pale pale kitandani, namwamkia na kwenda kuoga.

Na mimi Jumamosi nilikuwa nahamia Nakuru.

Sikufikiri. Nilinyoosha mkono nikalivuta daftari, nataka niyaandike maneno yale mwenyewe kwa kalamu, si kwa mkono wa mtu mwingine.

"Mkono!" somo akapiga kelele.

Dole gumba lilikuwa limeshatua katikati ya ukurasa. Likaoshwa kwa maji ya ndimu, likapakwa upya, lakini hina ya pili haikukolea. Siku ya Ijumaa vidole tisa vilikuwa vyekundu vya kuiva na kimoja rangi ya chungwa. Mama mkwe alikiona, akakishika, hakuuliza.

Jedwali liliondoka saa tano na dakika arobaini usiku, kwa bando la simu ya shangazi. Mengine yalikwenda mbio: nikahi, vugo la wanawake, pilau, mimi ndani ya udi na yasmini nikiombwa nisitabasamu sana. Boti ya Mokowe, basi, baridi ya Nakuru. Desemba jina likasomwa, nikalisikilizia kwenye simu nimelala chali, tumbo limeanza kunisumbua.

Nilimpelekea nyanya kitabu kilipofungwa. Akakipapasa jalada, akaniambia nimsomee pale penye mti. Nikamsomea. Akauliza wameandika ni nani aliyesema. Nikamweleza kwamba kwa taratibu za utafiti majina ya waliohojiwa hayatajwi, hulindwa, imeandikwa tu "mzee wa kike, Lamu". Akasema, "Haya." Hakuongeza neno. Alifariki 2021, na hilo "haya" bado sijui lilikuwa la kukubali au la nini. Taratibu hizo nazielewa na ninaziheshimu. Lakini ningeweza kumwomba ruhusa. Kulikuwa na muda mpaka saa sita.

Wala sijui kama usiku ule alikuwa akinisemesha mimi. Wenzangu kila nikiwahadithia hushika hapo hapo, mtu, bara na pwani, wakasema nyanya alikupa wosia. Labda. Mimi nilimsikia akizungumzia mti, na sitaki kumtia mdomoni nisichokisikia.

Kuna barua nyingine mezani sasa, ya uzamivu. Utafiti ni wa mikoko ile ile, miezi minane kwa mwaka niwe Lamu, na jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Baba Watoto amesema niende, wataishi. Amelisema vizuri, jikoni, akiosha vyombo, na mgongo wake ulikuwa kwangu.

Binti yangu alikuwa bado ameshika daftari. Akaweka dole gumba lake juu ya doa, likazama lote ndani, pembeni pakabaki nafasi. Akauliza kama ataweza kupakwa hina kama hiyo, na nani atampaka, kwa sababu huku hakuna.

Nikamwambia tukienda Lamu.

"Lini?"