Siku Moja Gereji: Kuamsha Corolla Iliyosimama Tangu 2020

Saa 1:00 asubuhi

Gari liliingia jana jioni juu ya lori la kuvutia magari. Ni Toyota Corolla AE110, injini 5A-FE ya cc 1,498, gia otomatiki. Limekaa Kigamboni chini ya mwembe tangu 2020, na upepo wa bahari umelifikia muda wote huo. Mwenyewe, mama mtu mzima, anauliza swali ambalo karibu kila mwenye gari la namna hii huuliza: "Fundi, kwa nini msiweke tu betri tusikie kama linawaka?"

Tunamjibu, "Hapana mama, asubuhi hii halipigwi stata."

Injini nyingi zilizosimama hufia hapo. Kuta za silinda zimekauka, ringi za pistoni zimeshikwa na kutu nyembamba, petroli ya kwenye tanki imegeuka gundi. Ukipiga stata katika hali hiyo unakwaruza silinda kwa kutu ile ile, na pampu inasukuma uchafu wa tanki hadi kwenye nozeli zinazopulizia petroli ndani ya injini. Injini iliyohitaji kusafishwa tu sasa inahitaji kufunguliwa.

Tunaanza na panya. Tunafungua boksi la filta ya hewa, feni ya AC iliyo nyuma ya dashibodi upande wa abiria, na nafasi iliyo chini ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini). Humo ndimo wanamojenga. Kiota hakifagiwi kikavu wala hakipulizwi kwa kompresa. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka Lindi mwaka 2022. Vaa glovu na barakoa, nyunyizia Jik iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 10, subiri dakika 10, kisha kusanya kwenye mfuko na ufunge. Angalia pia mdomo wa ekzosi, bomba la maji ya AC na mpira wa kupumulia wa tanki. Nyigu hupenda kuziba matundu hayo kwa udongo, na gari lenye ekzosi iliyoziba litakusumbua siku nzima ukidhani shida ni plagi.

Nyaya zilizotafunwa tunazifuata moja moja, kuanzia za nozeli hadi za distributa, inayogawa umeme kwa plagi. Kila jeraha linachomelewa kwa risasi na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakufai, hasa kwa gari la pwani. Chumvi huingia chini ya tepu, shaba hugeuka kijani, na baada ya miezi michache injini inaanza kukosa moto kwenye silinda moja bila sababu inayoonekana.

Saa 2:00

Jana kabla ya kufunga gereji plagi zilitolewa, baada ya visima vyake kupulizwa kwa upepo ili mchanga utoke, na kila silinda ikatiwa oili nyepesi mililita 10 kwa bomba la sindano. Imelala usiku kucha ikipenya kwenye ringi.

Leo tunalegeza mikanda ya nje kwanza: ya alteneta, ya AC na ya pawa stering. Halafu spana ya boksi ya milimita 19 kwenye bolti ya puli ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), tunazungusha kwa mkono kuelekea saa inakoelekea. Mikanda inalegezwa ili ukikuta uzito ujue unatoka wapi. Wakati mwingine kinachokuwa kimekwama ni beringi ya kompresa ya AC au ya pampu ya maji, na injini yenyewe ni nzima. Plagi zikiwa nje hakuna kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kwa hiyo krankshafti inatakiwa kwenda laini mizunguko miwili kamili. Hii imekwenda.

Ikigoma, usiongeze bomba kwenye raketi (mpini wa spana ya boksi) ili upate nguvu. Ongeza mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, subiri siku nyingine, kisha ujaribu kurudi nyuma kidogo na mbele kidogo. Kutu huachia taratibu. Ukilazimisha unavunja ringi.

Saa 3:00

Mafuta. Betri haipo kwenye gari, kizima moto kiko karibu, simu na sigara viko mbali. Tunainua kiti cha nyuma, tunafungua kifuniko kilicho chini yake, na harufu inatupa jibu kabla ya macho. Petroli nzuri inanuka ukali unaopanda puani. Iliyooza inanuka kama rangi ya mafuta iliyoachwa wazi, na rangi yake imeelekea kahawia.

Tunainyonya kwa pampu ya mkono, kamwe si kwa mdomo. Zinatoka lita 14 hivi. Haiendi mtaroni wala haichanganywi na mpya "ili isipotee". Inakaa kwenye dumu lililoandikwa, na itatumika kidogo kidogo kuoshea vyuma vyenye grisi, nje, penye hewa.

Pampu ikitoka tunaangalia kichujio chake cha kitambaa kilicho chini. Hiki kimekuwa cheusi na kinakatika kwa kidole, kwa hiyo kinabadilishwa. Pampu yenyewe tunaijaribu nje kwa volti 12 kwa sekunde mbili tatu tu, ikiwa mbali kabisa na tanki, maana ikizunguka kavu inajiua. Ndani ya tanki tunamulika kwa tochi isiyotoa cheche. Kutu ya vumbi inafutika kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kutu ya magamba maana yake tanki lishuke au libadilishwe, na hapo usimwonee mteja huruma kwa kumwambia "litaenda tu." Magamba yatarudi kwenye kichujio kila wiki.

Nozeli tunapima ukinzani: za injini hii zinatakiwa kuwa karibu omu 13 hadi 14. Zote nne zimesoma sawa, lakini kipimo hicho kinasema koili ni nzima tu. Sindano ya ndani inaweza kuwa imegandishwa na gundi ya petroli. Tunazichomoa, tunaziunganisha na umeme kwa migusomiguso mifupi huku dawa ya kusafishia kabureta ikisukumwa ndani. Mbili zimelia papo hapo, ya tatu imechelewa, ya nne imefunguka baada ya kulowekwa robo saa. Oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) zote mpya, zipakwe oili kidogo zisije zikakunjika. Oringi iliyokunjika hapo inamwaga petroli juu ya injini ya moto.

Saa 5:00

Mkanda wa taimingi. Umekaa miaka umepinda pale pale, na meno yanaonyesha nyufa ukiukunja kinyume. Kwa 5A-FE mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, lakini gari linazima popote lilipo, hata katikati ya daraja. Unabadilishwa pamoja na beringi ya kukazia. Alama ya puli ya krankshafti inakaa kwenye 0, tundu dogo la gurudumu la kamshafti (mhimili unaofungua valvu) linalingana na alama ya kifuniko cha beringi. Ukishakaza, zungusha kwa mkono mizunguko miwili na uangalie alama upya. Zikihama hata jino moja, rudia.

Oili ya zamani inashuka, pamoja na filta. Mpya ni 10W-30, lita tatu na kidogo, halafu kijiti ndicho kinachoamua. Maji ya rejeta yametoka mekundu kwa kutu, kwa sababu mtu alikuwa akiweka maji ya bomba. Tunasafisha hadi yatoke meupe, kisha tunatia kulanti, maji maalumu ya rejeta. Mipira ya rejeta ibonyezwe: ukisikia inachakarika ndani, imekwisha hata kama nje inang'aa.

Saa 6:30 mchana

Fundi umeme anasugua ncha zote za ethi (nyaya za hasi) kwa msasa, ya betri kwenda kwenye bodi na ya injini kwenda kwenye bodi, kisha anapaka grisi. Hitilafu nyingi za umeme kwenye magari ya pwani zinaishia hapo. Betri ya zamani ilisoma volti 4. Imekufa, usipoteze muda kuichaji. Mpya ni NS60, inasoma 12.6.

Sasa stata inaruhusiwa, lakini plagi bado ziko nje, na soketi ya distributa na fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia petroli) zimechomolewa. Tunapiga sekunde 10, tunapumzika, tunarudia, hadi taa ya oili kwenye dashibodi izime. Hapo oili imefika kwenye beringi na kamshafti kabla ya moto wa kwanza. Tunapima kompresheni pia: zote zinazidi bari 11. Chini ya bari 10, au silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya bari 1, kuna jambo. Tutapima tena injini ikishapata moto, kwa sababu oili tuliyotia jana inapandisha kipimo.

Saa 8:00 mchana

Plagi nne mpya, lita 10 za petroli mpya, fyuzi imerudi. Kabla ya stata tunaunganisha matundu yaliyoandikwa +B na Fp kwa kipande cha waya kwenye boksi la kupimia lililo chini ya boneti. Pampu inalia, mafuta yanazunguka, na mtu mmoja anapita na tochi kwenye kila mpira na kila kiungo. Mpira wa kurudishia mafuta nyuma ya tanki umelowa, umebadilishwa. Kuona hilo sasa ni bora kuliko kuliona gari likiwa linaunguruma.

Limewaka mara ya pili. Moshi wa bluu wa dakika za kwanza ni oili ya jana, na mweupe ni maji ya kwenye silensa. Bluu ikiendelea baada ya dakika 20 injini ikiwa moto, basi ni ringi au sili za valvu. Usikanyage mafuta. Liache lijiendeshe kwenye mizunguko 750 hivi, macho yako kwenye taa ya oili na mshale wa joto, hadi feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe. Alteneta inatoa volti 14.2, sawa. Oili ya gia otomatiki inapimwa injini ikiwa inaunguruma na imepata moto. Hii ina harufu ya kuungua kidogo, kwa hiyo tunamwaga kwa bolti ya chini na kurudisha kiasi kile kile kilichotoka. Hatuisukumi yote kwa mashine. Gia la zamani likioshwa kwa nguvu, uchafu uliotulia unaingia kwenye valvu zake.

Saa 9:00 alasiri

Hapa ndipo watu wanapopunguza gharama, na ndipo sisi hatukubali. Gari linalowaka bila breki ni hatari kuliko gari lisilowaka.

Diski zina kutu. Ile nyembamba itatoka kwa pedi zenyewe, lakini hii imechimba, na unene umeshuka chini ya kiwango kilichochorwa kwenye diski. Mpya mbili, na pedi mpya. Pistoni ya kalipa (kibanio cha pedi) ya kushoto hairudi kwa mkono. Tunaitoa kwa upepo mdogo huku kipande cha ubao kikiwa mbele yake, maana inaweza kuruka na kuvunja vidole. Sili mpya zinalainishwa kwa mafuta ya breki tu. Petroli au oili ya injini huvimbisha mpira wa breki, na kalipa inakwama tena ndani ya wiki. Pini za kutelezea zinapakwa grisi ya silikoni.

Nyuma, tunainua kidogo mpira wa vumbi wa silinda ndogo ya kila gurudumu. Ikiwa ndani kumelowa, silinda imekwisha. Badilisha pande zote mbili ili breki isivute upande mmoja. Mipira ya breki ya magurudumu ya mbele ni mizuri kwa macho, lakini mmoja umevimba ndani: mafuta yanapita ukikanyaga na hayarudi ukiachia. Gari la namna hiyo linavuta upande mmoja na rimu inachemka.

Kutoa upepo kwenye breki kunaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu kuu ya breki. Kwa gari la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mafuta ya breki ya DOT 3 lita moja yanatosha hadi yanayotoka yawe safi. Chini ya pedeli weka kipande cha mbao ili isifike sakafuni. Sehemu ya mwisho ya masta silinda haijapitiwa miaka mingi, ina kutu, na sili zikisukumwa hadi huko zinachanika. Mafundi wengi huibadilisha masta siku ya pili bila kujua kwamba wao ndio walioiua.

Saa 11:00 jioni

Tairi zina kashata (meno ya kushika barabara) nzuri, na mama anaomba zibaki. Tunamwonyesha tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 1816, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2016. Pembeni zina nyufa, na chini zimekaa bapa kwa uzito wa gari. Zinatoka zote, na ya akiba pia. Nati za rimu zinakazwa kwa msalaba hadi Nm 103. Mpira wa vumbi wa boljointi moja (kiungo cha gurudumu la mbele) umepasuka, inabadilishwa. Mipira ya vaipa, honi, indiketa, taa za breki: dakika 20, zote zimepita.

Saa 12:00 jioni

Ndani ya uwanja kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, breki mara kumi. Kisha barabarani, kilomita 8. Tukirudi tunagusa rimu kwa nyuma ya mkono; zote nne zina joto linalofanana. Chini ya gari tunatandika boksi kavu la karatasi liangaliwe kesho asubuhi kama kuna tone.

Mama anakabidhiwa karatasi. Nati za rimu zikazwe tena baada ya kilomita 100. Oili na filta zibadilishwe tena kilomita 500, kwa sababu hii mpya itakuwa imebeba uchafu wa miaka yote. Kipimo cha mafuta kisishuke chini ya robo mwezi huu. Kabla ya kuingia mjini akate bima, aangalie kama namba ya gari ina deni la faini za trafiki, na kizima moto na pembetatu viwemo kwenye buti. Anaondoka kesho, boksi likiwa kavu.