Siku moja na mashine za kufulia za watu, Dodoma

Saa 11:50 alfajiri simu inaita. "Fundi, mashine imekufa." Wateja wangu hawasemi mashine imeharibika, kwao inakufa tu, kama kuku. Kazi yangu ya kwanza ni kuuliza imekufaje. Imekufa haiwaki kabisa, au imekufa na maji tumboni? Huyu wa leo yake haiwaki, nikamwambia achomeke chaji ya simu kwenye soketi ileile. Kimya kidogo, halafu: "Na chaji nayo haiingizi." Basi tafuta fundi umeme, mama. Mteja wa kwanza kapona nikiwa bado kitandani, na sikupata hata mia.

Saa 1 nafunga begi kwenye pikipiki. Bisibisi, spana namba 10 na 13, plaizi, testa, tochi, mswaki mkuukuu, mataulo mawili, na sinia bapa la bati nililomnyang'anya mke wangu. Sinia hilo ndilo kifaa changu muhimu kuliko vyote, mtaona.

Saa 2 niko Nkuhungu, mashine ya matangi mawili, upande wa kukamua unanguruma lakini hauzunguki. Soksi ya mtoto ilikuwa imedondokea chini ya pipa. Nimeitoa, nimenywa chai ya rangi, nimeondoka.

Saa 4 kasoro, Iyumbu. Kijana mtumishi wa serikali, kahamia juzi, mashine mpya ina wiki moja. "Kaka, hii kitu inatembea." Kweli ilikuwa inatembea: alama za miguu yake zilitoka ukutani hadi karibu na mlango. Majirani walishaanza kusema mambo ya mashetani. Nikaigeuza nyuma, nikakuta boliti nne ndefu za kusafirishia bado zimekaza pipa. Kiwandani huwekwa ili pipa lisigonge-gonge njiani. Ukisahau kuzitoa, pipa linakosa kuning'inia kwenye springi zake na mtikisiko wote unahamia kwenye mwili wa mashine. Spana namba 10, dakika tano. Nikamwambia azitunze, akihama tena atazihitaji. Akacheka mwenyewe, akalipa bila kuomba punguzo. Ningepata wateja watatu wa namna hiyo kwa siku ningejenga.

Halafu ikaja zamu ya mtaa wa Kisasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mbona umekuja na pikipiki?"

Sikujibu. Mashine ni ya mlango wa mbele, imejaa maji hadi nusu ya kioo, mashuka yanaelea humo tangu juzi na yameanza kunuka. Mzee kashaamua ugonjwa: bodi, ile saketi ya umeme inayoongoza mashine, imeungua. Ameona video. Na kashaamua mkosaji: dada wa kazi, "huyu binti anabonyeza-bonyeza hovyo." Dada mwenyewe amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama sakafu.

Sasa nikupe siri ya kazi hii. Ukifika nyumbani kwa mtu, mwenye mashine atakueleza bei aliyonunulia. Anayeifahamu ni anayefulia. Nikamuuliza dada ilikuwa inalia vipi kabla ya kugoma.

"Ilikuwa inakwaruza," akasema polepole. "Kama mtu anasaga mchele wenye mawe. Ikifika kutoa maji tu."

Ikifika kutoa maji tu. Hapo nilikuwa nimeshapata jibu. Mashine isiyoweza kutoa maji haitakamua pia, inajizuia, na mtu akiona haikamui anadhani mota au bodi. Nikachomoa waya ukutani, nikafungua kidirisha cha chini mbele. Nyuma yake kuna kifuniko cha chujio la pampu, na nyuma ya kifuniko kuna maji yote ya mzee, kama lita 15. Ndipo sinia linapofanya kazi, maana chini pale ndoo haiingii. Unalegeza kifuniko robo mzunguko, maji yanajaa siniani, unakaza, unamwaga kwenye ndoo, unalegeza tena. Sinia linabeba lita mbili hivi. Hesabu mwenyewe mara ngapi nilipiga magoti, huku mzee amenisimamia kichwani akiuliza kama nimewahi kusomea kazi hii, na maji yananuka kama bwawa lililokauka.

Kifuniko kikatoka. Kwanza utepe mweusi wa nywele na nyuzi. Halafu sarafu ya 500, upande wa nyati ukinitazama. Halafu nikamulika tochi ndani, nikaingiza kidole, nikahisi kipangaboi cha pampu kimekwama. Nikavuta kwa plaizi: kipande cha waya mwembamba, urefu wa kidole, kimejisokota. Kingine. Cha tatu. Waya wenye kutu, umekatwa kwa koleo.

Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya mzee amesimama katikati ya mizabibu, na alishaniambia mara mbili kuwa ana shamba Hombolo. Waya zile za kufungia mizabibu zilitoka kwenye mfuko wa suruali ya nani, hakuna aliyeuliza. Nikazipanga juu ya mashine pamoja na sarafu. Mzee akazitazama. Dada akaenda kuleta dekio.

Kipangaboi kikazunguka kwa kidole, nikafunga, nikasema tujaribu. Umeme ukakatika.

Sasa siwezi kuondoka bila kujaribu, na siwezi kujaribu bila umeme. Nikakaa barazani. Upepo wa Dodoma ukanipaka vumbi shati lililolowa, nikawa kama nimekandikwa udongo. Jua likasogea. Simu ya mama wa Ilazo, mteja anayefuata, ikaita mara nne. Dada akaniletea ubuyu kwenye kibakuli, hakusema neno, nami sikusema.

Umeme uliporudi mashine ikanywa, ikazungusha, ikatapika maji bila kukwaruza. Nikamkumbusha mzee elfu thelathini tuliyokubaliana kwenye simu.

"Elfu thelathini? Hujaweka kifaa hata kimoja! Umetoa uchafu tu."

Ningemwambia bodi imekufa, angetoa laki mbili na nusu bila kukohoa, na angenishukuru. Wapo mafundi wanaofanya hivyo, na siku kama hii huwa nakosa nguvu ya kuwalaumu. Tulivutana mpaka akatoa elfu ishirini, noti mbili, akaniambia nyingine atatuma.

Ilazo nilifika jua limezama, na yule mama alikuwa na haki ya kukasirika. Yake haingizi maji. Kile kichujio cha nailoni nyuma, mpira wa maji unapoingia, kilikuwa cheupe kwa chumvi na mchanga. Maji yetu ya visimani yanajulikana. Nikakisugua kwa mswaki. Lakini tangi lake liko mita mbili tu juu ya bomba, na mita kumi za kimo ndizo zinazokupa bar moja ya msukumo, kwa hiyo nilimwambia ukweli: itajaa, ila taratibu, mpaka utakapoinua mnara. Akasema asante, baba. Nilitaka kulia.

Niko nyumbani, magoti yanawaka, mke wangu anauliza sinia lake. Simu ikatoa mlio. Nikajua elfu kumi imeingia.

Ulikuwa ujumbe wa mzee wa Kisasa: "Fundi ile sarafu ya 500 umeiweka wapi?"

Juu ya mashine, mzee. Karibu na waya zako.