Sekunde tatu kabla seva haijaanguka

Masika ya mwaka 2019, Dar es Salaam, seva yetu ya hifadhidata ilianguka kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, tena saa ileile, saa nane usiku na dakika zake. Asubuhi niliikuta skrini imeganda na mistari 25 ya mwisho ya ripoti ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi: majina ya fankshini na tarakimu za heksadesimali. Mistari ya juu yake, ile inayotaja sababu na hali ya rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa), ilikuwa imeshapanda na kupotea. Kibodi haikujibu. Nikaiwasha upya na kufungua /var/log/messages, faili la kumbukumbu za mfumo. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kawaida kabisa, na uliofuata ulikuwa wa kuwaka asubuhi ile.

Sababu inaeleweka. Ujumbe wa kerneli huandikwa kwanza kwenye bafa iliyo ndani ya memori. Ili ufike kwenye faili, rsyslog, programu inayoandika kumbukumbu hizo, lazima ipate zamu ya prosesa, na hata ikishauandika, data hubaki kwenye kashe ikisubiri kupelekwa kwenye diski. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, huweza kusubiri sekunde 30. Mashine ikianguka, yote yaliyokuwa yakisubiri huondoka nayo. Wala si busara kuiachia kerneli iliyoanguka iandike yenyewe: draiva ya diski au mfumo wa faili huenda ndio ulioharibika, na maandishi yake yakaharibu hata data iliyokuwa salama.

Kwa hiyo kuna kdump, njia ya kuhifadhi memori ya kerneli iliyoanguka. Mashine inapowaka, sehemu ya memori hutengwa na kerneli ya kwanza haiigusi; humo hupakiwa kerneli ya pili, ikakaa tayari. Ya kwanza ikianguka, kexec, utaratibu wa kuwasha kerneli moja kutoka ndani ya nyingine, huirukia ya pili moja kwa moja bila kupitia BIOS, hivyo memori haifutwi. Ya pili huishi ndani ya kipande chake tu, na memori yote ya iliyoanguka huiona kama faili moja, /proc/vmcore, kisha huinakili kwenye diski, ndani ya /var/crash. Njia hii imo ndani ya Linux tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005. Kwetu ilikuwa imezimwa.

Seva ilikuwa na CentOS 7, aina mojawapo ya Linux, na memori ya GB 64. Ili kutenga MB 160 za memori, niliandika crashkernel=160M kwenye /etc/default/grub, nikaunda upya grub.cfg, faili la mpangilio wa kuwaka, nikawasha huduma ya kdump, kisha nikaizima mashine na kuiwasha tena. /sys/kernel/kexec_crash_loaded ikaonyesha 1. Wengi huishia hapo, na ni kosa, kwa sababu 1 inasema tu kwamba kerneli ya pili imepakiwa. Kama itafaulu kuandika, ni habari nyingine. Jumamosi, huduma zote zikiwa zimesimamishwa, tuliendesha sync ili data yote ifike kwenye diski, kisha tukaiangusha seva kwa makusudi:

echo c > /proc/sysrq-trigger

Kerneli ya pili iliwaka, ikaanza kupakia draiva, halafu skrini ikajaa "Out of memory". /var/crash ilibaki tupu. Mwenzangu, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alisogea akasoma orodha ya moduli polepole. "Kaka, hii draiva ya kadi ya mtandao imefuata nini humu? Si tunaandika kwenye diski ya ndani?"

Alikuwa sahihi. Draiva ile, tuliyoichukua kwa mtengenezaji wa kadi badala ya kutumia iliyo ndani ya kerneli, ilikuwa inajitengea bafa kubwa za pakiti mara tu inapopakiwa. Niliitoa kwa dracut_args --omit-drivers ndani ya /etc/kdump.conf, nikapandisha memori iliyotengwa hadi 512M. Safari hii kexec_crash_size ilisoma baiti 536870912, yaani hizo 512M, na jaribio likaacha faili kamili.

Siku ya tisa baadaye, saa nane usiku, ikaanguka yenyewe. Ndani ya /var/crash kulikuwa na folda yenye tarehe, na ndani yake vmcore na vmcore-dmesg.txt. Kutoka GB 64, vmcore ilikuwa GB 1.4 tu, kwa sababu makedumpfile, programu inayoinakili, ilitumia -d 31, yaani 1+2+4+8+16: kurasa za sifuri, aina mbili za kashe, kurasa za programu za watumiaji na kurasa zisizotumika, zote huachwa. Nilisakinisha debuginfo, yaani taarifa za majina ya fankshini, ya toleo lilelile la kerneli. Likitofautiana hata kidogo, programu ya crash, inayosoma vmcore, hukataa: "vmlinux and vmcore do not match".

Amri yake ya bt, inayoonyesha mfuatano wa fankshini, ilionyesha mahali penyewe: fankshini ya taima ndani ya draiva ileile ya mtandao, baiti 78 kutoka mwanzo wake. Nikaandika amri ya dis, inayoonyesha maagizo ya prosesa, nikafika kwenye mstari huu:

mov 0x18(%rax),%rdx

Rejista ya RAX ilikuwa sifuri tupu. Anwani iliyolalamikiwa ilikuwa 0000000000000018. Draiva ilikuwa imefuata pointa tupu, ikaruka baiti 24 mbele na kusoma pasipo na kitu.

Lakini kwa nini saa nane? Nikaandika amri ya log, inayoonyesha ujumbe wa kerneli uliobaki kwenye memori. Sekunde tatu kabla ya anguko kulikuwa na mstari ambao haukuwahi kufika kwenye diski katika maanguko yote matatu ya awali: "Link is Down". Kebo ya mtandao ilikuwa imepoteza mawasiliano, draiva ikaachilia bafa zake, taima yake ikaendelea kufanya kazi.

Siku hiyohiyo tulirudi kwenye draiva ya kerneli yenyewe. Mtengenezaji tulimpelekea vmcore-dmesg.txt peke yake. Vmcore hubeba vipande vya pakiti na hata nywila zilizopita kwenye kerneli, na haikustahili kutoka nje. Kisha tukafuata kebo kwa mkono, kutoka nyuma ya seva hadi kwenye swichi. Swichi ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukutani, si kwenye UPS yenye betri ya akiba, na saa nane usiku mlinzi alikuwa akihamisha umeme kwenda kwenye jenereta.