Siku moja maishani mwangu: naandaa nota za filamu ya mapenzi, London

Saa 11:40 alfajiri. Ujumbe umeingia: mhariri wa picha amekata sekunde 2 kwenye onyesho la dansi, na leo ndiyo siku ya kulirekodi. Kazi yangu ni nota. Mtunzi akishaandika, natoa karatasi ya kila mpiga ala, naikagua, naiweka kwenye stendi yake. Likibadilika lolote, nabadilisha mimi.

Filamu ni ya mapenzi, Uingereza ya miaka ya 1810. Adabu za wakati ule haziwaruhusu wapendanao hawa kukaa peke yao chumbani, sembuse kuambiana ya moyoni. Basi okestra ndiyo inayosema badala yao. Ndiyo maana naipenda kazi hii kuliko muziki wa filamu za vita.

Saa 12:15. Waltz yetu, dansi ya mapigo matatumatatu, inakwenda kwa mapigo 90 kwa dakika, na kasi hiyo haiguswi kwa sababu waigizaji walishapigwa picha wakiicheza hivyo. Sekunde 2 ni mapigo 3, yaani kipimo kimoja kamili. Hesabu imekubali, lakini sikio halikubali upesi hivyo: fungu la waltz lina vipimo 8, na likibaki na 7 msikilizaji anahisi kuna kitu kimenyakuliwa. Mtunzi angeweza kutoa kipimo cha mwisho, penye nota ndefu, asijue mtu. Ametoa cha 5, pale mwanamke anapogeuka na kumkuta mwanamume akimtazama. Nimeipiga kwenye kinanda nyumbani. Muziki unaruka pigo kama moyo. Amepatia kabisa.

Saa 2:00 asubuhi. Studio ya kurekodia muziki ya Abbey Road, ukumbi wa Studio One. Ukumbi huu ulifunguliwa mwaka 1931, mtunzi Mwingereza Edward Elgar akiongoza okestra ya London Symphony Orchestra. Napanga ala za nyuzi: fidla za kwanza 14, za pili 12, viola 10, chelo 8, besi 6. Wawili wanatazama stendi moja. Jambo linaloninyima usingizi ni kufungua ukurasa, kwa sababu maikrofoni zinasikia karatasi. Kila ukurasa lazima uishie mahali ambapo mpigaji amenyamaza, na waltz ilipopungua kipimo, kurasa zote zilisogea. Nimezichapa upya zote.

Saa 4:00. Obo, ala ya kupuliza, inatoa sauti ya A, wote wanarekebisha nyuzi. Hawajawahi kuuona muziki huu. Hapa mazoezi hayapo: hedifoni sikioni, mapigo yanagonga, picha iko kwenye skrini nyuma yao, taa nyekundu inawaka. Mara ya kwanza tu inatoka karibu safi. Sijazoea, na sitaki kuzoea.

Saa 5:10. Waltz yenyewe. Kwenye picha kuna wapigaji wanne tu pembeni mwa ukumbi, kwa hiyo tunaanza na wanne tu, fidla kavu kidogo, sauti ya chumba. Dairekta anataka okestra nzima iingie wanapoanza kucheza. Mtunzi anakataa kwa upole: isubiri hadi mkono wa mwanamume uguse kiuno. Kumbuka kwamba mwaka 1816 gazeti la The Times lililaani waltz kwa sababu hiyohiyo ya kukumbatiana hadharani. Kwa watu wale, mguso ule ulikuwa tukio.

Wamerekodi namna zote mbili. Okestra ilipowahi, tuliona watu wanacheza. Ilipochelewa, ikaingia chini sana, nyuzi zote zimewekewa kizuia sauti, wapigaji wanne wakizama polepole ndani yake, tuliona ukumbi mzima unatoweka na kubaki wawili. Dairekta aliomba aione tena, kisha akasema, “Hiyo ya pili.”

Saa 7:00 mchana. Sandwichi na chai. Tumezungumza juu ya mtunzi John Barry na muziki wake wa filamu ya mapenzi *Out of Africa* ya 1985, ile iliyopigwa picha kwetu Kenya. Filamu ni ya zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo okestra imenyamaza. Ndiyo maana ndege inapopaa juu ya nchi ile na nyuzi zikafunguka, kifua kinajaa. Watunzi wengi leo wanamwaga muziki kila dakika, na mapenzi yanakosa pa kupumulia.

Saa 8:00 hadi 11:00 jioni. Vipande vifupi: gari la farasi, mvua, mlango unafungwa. Vimekwenda haraka.

Saa 11:20. Nakusanya karatasi. Wapigaji wameandika kwa penseli mahali pa kugeuza upinde na pa kupunguza sauti. Alama hizo nazihamishia kwenye nakala kuu, maana muziki huu ukija kupigwa jukwaani, okestra nyingine itazihitaji.

Saa 2:30 usiku. Mtunzi ametuma onyesho la harusi lililosahihishwa. Kesho zinaingia honi 4 za kupuliza na kinubi, na mashine ya kuchapia imeshawashwa.